Hesabu Katika Uzi: Wafumaji wa Kale wa Nchi ya Rukwa na Watoto Wetu wa Shule



Mazungumzo yetu ya leo ni habari ya nguo na habari ya hesabu. Labda mtu atauliza, "Mambo haya mawili yanakutania wapi? Nguo ni jambo la dukani, na hesabu ni jambo la shuleni." Nataka kuonyesha kwamba nguo na hesabu ni ndugu wa tumbo moja, na kwamba watu wa nchi zinazozunguka Ziwa Rukwa waliwajua ndugu hao wawili zamani, kabla shule ya kwanza haijajengwa huku. Tena nataka kueleza kwa nini habari hiyo ya kale yamhusu mtoto anayekaa leo mbele ya daftari lake la hesabu, akiona kwamba tarakimu ni wageni waliokuja kumtesa.

Nguo zilizofumwa kwetu

Mtu akisimama sokoni Tunduma, ataona majora ya vitenge yamepangwa kama matofali, na watu wa pande zote mbili za mpaka wakinunua na kuuza. Karibu nguo zote hizo zimefumwa kwa mashine, tena nyingi katika nchi za mbali. Mtoto aliyezaliwa hapa aweza kudhani kwamba tangu mwanzo nguo hutoka mbali, na kwamba wazee wetu walivaa ngozi na magome ya miti tu hata mgeni alipowaletea kitambaa. Ni kweli ngozi na magome yalivaliwa. Lakini pamba nayo ilipandwa, ikasokotwa, ikafumwa.

Habari za kufuma ni za zamani sana katika pande zetu za Afrika. Katika magofu ya Kilwa wachimbuzi wameona vigurudumu vidogo vya udongo, vingi vikiwa vimechongwa kutoka katika vigae vya vyungu vilivyovunjika, vikatobolewa tundu katikati. Hivi vilikuwa vya kusokotea uzi. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko aliyefika pwani yetu mwaka 1331, aliandika kwamba nguo zilizofumwa Mogadishu zilipelekwa hata Misri. Na Mreno Duarte Barbosa, mwanzo wa karne ya 16, alieleza jinsi watu wa Sofala walivyofuma nguo nyeupe za pamba. Kwa kuwa hawakujua kutia uzi rangi, walifumua nguo za buluu zilizotoka Bara Hindi, wakazifuma nyuzi zake upya pamoja na nyuzi zao nyeupe.

Barani nako kazi ilikuwapo. David Livingstone alipozunguka nchi ya Shire na Ziwa Nyasa baina ya mwaka 1859 na 1863, aliona pamba ikisokotwa na kufumwa vijijini, akaandika kwamba watu walikuwa na pamba za namna mbili. Moja waliiita kwa jina la kienyeji, na ya pili waliiita tonje manga, maana yake pamba ya kigeni. Neno hilo la manga latufahamisha jambo, kwa kuwa ni neno lile lile la pwani tulisikialo katika "pilipili manga", na Manga ni nchi ya Waarabu. Jina la mbegu limetunza habari ya safari ambayo hakuna aliyeiandika.

Sasa tusogee kwetu. Ufipa, na bonde la Rukwa, na nchi za jirani zilijulikana kwa wafumaji wake. Livingstone alipita Ufipa mwaka 1872, na Joseph Thomson alifika Ziwa Rukwa mwaka 1880. Katika nchi hizi nguo ilikuwa bidhaa kama bidhaa nyingine. Kule Ivuna, kusini mwa ziwa, katika wilaya ambayo sasa yaitwa Momba, chumvi ilipikwa tangu karne ya 13 hivi. Katika Unyiha mafundi waliyeyusha chuma, wakafua majembe. Basi mwenye nguo alipata chumvi, na mwenye jembe alipata nguo. Mpaka wa mwaka 1890, uliokatwa na Waingereza na Wajerumani, ulikuwa haujawagawa Wanyamwanga wa Tunduma na ndugu zao wa Nakonde.

Kitanda cha mfumi na masomo yake

Yafaa tueleze kwanza jinsi nguo hiyo ilivyofumwa, maana hesabu imo ndani ya kazi yenyewe.

Katika pande hizi kufuma kulikuwa zaidi kazi ya wanaume. Pamba ilitolewa mbegu kwa mkono, ikachambuliwa hata ikawa laini, ikasokotwa kwa kijiti kilichotiwa kigurudumu chini yake ili kizunguke sawasawa. Uzi ulipokwisha, kitanda kilitengenezwa juu ya ardhi, nacho kilikuwa miti miwili iliyolazwa, mmoja huku na mmoja huku, ikafungwa kwenye vigingi vinne. Nyuzi zilizopigwa kwa urefu toka mti hata mti huitwa mtande. Uzi unaopita kwa upana, kwenda na kurudi, huitwa mshindio. Katikati palikuwa na kijiti chenye vitanzi vya kuinulia nyuzi, na kipande cha ubao kilichochongwa mfano wa upanga, cha kupigia mshindio ili ushikamane.

Somo la kwanza la kitanda hiki ni shufwa na witiri. Vile vitanzi havishiki nyuzi zote. Hushika uzi wa pili, na wa nne, na wa sita, na kuendelea hivyo hata mwisho. Uzi wa kwanza, na wa tatu, na wa tano huachwa huru. Shufwa zikiinuka, mshindio hupita chini yake. Kisha witiri huja juu, na mshindio hurudi. Mfumaji akiruka uzi mmoja tu alipokuwa akifunga vitanzi, nyuzi mbili jirani zitalala pamoja, na kosa hilo litaonekana toka mwanzo wa nguo hata mwisho wake. Hapana haja ya mwalimu kupiga alama kwa wino mwekundu, nguo yenyewe itasema. Hii ni faida kubwa kwa mtoto, kwa maana kosa analoonyeshwa na kazi yake halimwaibishi kama kosa analotangaziwa na mtu.

Somo la pili ni marudio na baki. Tuchukue mfano. Mfumaji ataka nguo yenye milia, nyuzi 4 nyeusi kisha nyuzi 8 nyeupe, tena 4 nyeusi, tena 8 nyeupe. Kila rudio ni nyuzi 12. Akitanda nyuzi 96, atapata marudio 8 kamili, lakini nguo yake itakuwa na ukingo mweusi upande mmoja na mweupe upande wa pili. Jicho halitapendezwa. Akitaka kingo zote mbili ziwe nyeusi, ni lazima aongeze nyuzi 4 nyeusi mwishoni, ziwe 100. Wanafunzi wa shule huulizwa, "Gawanya 100 kwa 12, baki ni ngapi?" Hujibu 8, baki 4, wasijue ile 4 ina kazi gani duniani. Mfumaji aijua kazi yake, kwa kuwa ile 4 ndiyo ukingo wa nguo. Naye hana budi kuijua kabla hajaanza, maana mtande ukiisha kufungwa, upana hauongezeki.

Somo la tatu ni kukadiria uzi. Nguo yenye urefu wa mikono 4 na upana wa mikono 2 itataka uzi kiasi gani? Tuseme kila mkono mmoja wa upana una nyuzi 100 za mtande. Basi mtande ni nyuzi 200, na kila mmoja una urefu wa mikono 4, jumla mikono 800. Mshindio nao ukiwa umesongana vile vile, yaani mara 100 kwa kila mkono wa urefu, utapita mara 400, na kila safari ni mikono 2. Jumla tena ni mikono 800. Tazameni ajabu hii! Hesabu mbili zimeanzia mahali mbalimbali zikafika pamoja. Wala si bahati. Nguo ikisongana sawasawa pande zote mbili, uzi wa mtande na uzi wa mshindio lazima uwe sawa, kwa sababu kila mmoja unafunika eneo lile lile, urefu mara upana. Jumla ni mikono 1,600. Tukihesabu mkono kuwa inchi 18, ni yadi 800 za uzi, mbali na nyongeza ya mafundo na ncha. Ni uzi wa kutembea nao karibu robo tatu ya kilometa, na wote ulipita katika vidole vya mtu kabla haujawa nguo moja ya kujifunika.

Sisemi kwamba mzee wa kale alikaa akaandika 200 mara 4. Hakuwa na kalamu. Alizunguusha uzi kwenye vigingi, akajua kwa mazoea idadi ya mizunguko, na kila mzunguko ulimpa nyuzi mbili, mmoja wa kwenda na mmoja wa kurudi. Lakini kipimo kilikuwapo, na hesabu ilikuwapo.

Vipimo vya nguo, shule ya wafanya biashara

Nguo ilipokuwa fedha ya njia za misafara, ilizaa hesabu nyingine. Shibiri ni toka ncha ya kidole gumba hata ncha ya kidole cha mwisho, kiganja kikiwa kimekunjuliwa. Shibiri 2 ni mkono mmoja, toka kiwiko hata ncha ya kidole cha kati. Mikono 4 ni shuka moja. Shuka 2 ni doti moja, yaani mikono 8, au yadi 4. Vitu 20 vya namna moja ni korja. Jora la merikani lilikuwa na yadi 30 hivi, ambazo ni doti 7 na nusu.

Tazameni jinsi namba hizi zinavyopandana: 2, kisha 4, kisha tena 2. Nguo hukunjwa katikati, na ikikunjwa tena huwa robo, na ikikunjwa tena huwa thumuni. Mtoto akiikunja doti mara tatu, amekwisha kuona kwa macho kwamba nusu ya nusu ya nusu ni moja ya nane, nao ni mkono mmoja barabara. Hata leo mama anayenunua kanga husema doti, akimaanisha vipande viwili vilivyoshikana. Neno limebaki, ingawa wengi wamesahau kwamba lilikuwa kipimo.

Mkono nao ulileta ugomvi, kwa sababu mikono ya watu si sawa. Mwuzaji angependa kupimiwa kwa mkono mfupi, na mnunuzi kwa mrefu. Katika ugomvi huo kuna somo kubwa la historia ya vipimo, maana ndiyo sababu watu wa mataifa yote walitafuta kipimo kisichotegemea mwili wa mtu yeyote. Mwalimu anayeleta mita darasani bila kuwapa watoto nafasi ya kupima dawati kwa shibiri zao na kubishana, amewapa jibu kabla hawajaona swali.

Jinsi kazi ilivyokoma

Mwaka 1833 Marekani ilifanya mapatano ya biashara na Sultani Said, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani alikaa Unguja. Merikebu za Salem zikaleta kitambaa kigumu cha pamba kisichotiwa rangi. Watu wakakiita merikani kwa jina la nchi kilikotoka, na jina hilo limedumu hata leo. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, pamba yao ikapungua, na baadaye viwanda vya Bombay vikachukua mahali pao. Kitambaa cha mashine kilikuwa rahisi, na misafara ilikipeleka barani mwaka hata mwaka.

Nchi zilizo karibu na pwani ziliacha kufuma mapema. Nchi ya Rukwa ilidumu zaidi, kwa sababu umbali ulikuwa ngome yake: kila siku ya safari iliongeza bei ya nguo ya kigeni. Karne ya 20 ilipoanza, wafumaji walikuwapo bado. Lakini mambo yalizidi kubadilika. Kodi ya nyumba, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1898, ilidai fedha. Vijana wakaenda kuitafuta kazini. Baadaye wengine walikwenda kwenye dhahabu ya Lupa, na wengine kwenye shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, nchi ambayo tangu 1964 yaitwa Zambia. Walirudi na nguo za dukani. Kijana aliyepaswa kukaa karibu na kitanda cha mzee wake, akampa uzi na kutazama, hakuwapo. Wala hatuwezi kuwalaumu watu walionunua nguo rahisi. Nani atataka kusokota yadi 800 akiweza kununua shuka kwa mshahara wa siku chache?

Hata hivyo tujue kilichopotea. Haikupotea nguo tu, maana nguo tunazo nyingi kuliko zamani. Kilichopotea ni mahali ambapo mtoto aliona hesabu ikifanya kazi mbele ya macho yake, mikononi mwa mtu anayemjua, kwa lugha ya nyumbani. Shule ilipokuja ikaleta hesabu katika vitabu, mtoto aliipokea kama kitu kigeni kabisa, na wazazi wengi wakaamini vivyo hivyo. Hapo ndipo likazaliwa lile neno tunalolisikia kila kijiji: "Hesabu ni za watu wenye vichwa maalumu."

Wataalamu waliochunguza jambo hili

Huenda msikilizaji akasema kwamba mwalimu huyu anasifu ya kale tu kwa kuwa ni ya kale. Basi tusikie habari za watu waliochunguza.

Bibi Patricia Greenfield, Mmarekani mtaalamu wa akili za watoto, alikwenda Zinacantán katika nchi ya Mexico mwaka 1969, kwa watu wa Wamaya, ambao wasichana wao hujifunza kufuma tangu utotoni. Aliwapa watoto vijiti vya rangi, akawaambia wapange mfano wa milia ya nguo zao. Wasichana wafumaji walielekea kupanga uzi kwa uzi, kama vile nguo inavyojengwa kweli, wakati wengine walipanga kwa jumla, kijiti kinene kwa mlia mpana. Kufuma kulikuwa kumewafundisha kuona ndani ya nguo. Alirudi huko miaka 20 hivi baadaye, wakati biashara ilipokuwa imeingia sana, akakuta watoto wanapanga kwa namna nyingine, nao wamezidi kujua kuendeleza mifano mipya wasiyopata kuiona. Twajifunza kwamba akili ya mtoto hukua kwa kufuata kazi anayoifanya, na kazi ikigeuka, akili nayo hujitengenezea njia nyingine.

Bibi mwingine, Jean Lave, katika miaka ya 1970 alikaa na mafundi wa kushona wa Monrovia, katika Liberia. Aliona kwamba fundi huijua vema hesabu ya vipimo vya suruali, lakini akipewa hesabu isiyofanana na kazi yake, huenda ikamshinda. Aliona tena kwamba mwanagenzi haanzi kwa kukata nguo. Huanza kwa vifungo na pindo, kisha kushona, na kukata huja mwisho, maana kukata ndiko kosa lisilorekebishika. Je, hii si hekima ya ualimu?

Naye Bwana Paulus Gerdes, mwalimu wa hisabati aliyefanya kazi Msumbiji hata alipofariki mwaka 2014, aliandika juu ya sipatsi, mikoba ya majani inayosukwa Inhambane. Neno lake moja napenda kila mwalimu alikumbuke, nami nalieleza kwa maneno yangu. Yule anayeiga tu namna ya kusuka aliyoonyeshwa, huenda hafanyi hisabati. Aliyeivumbua namna ile kwanza alifanya hisabati, na hisabati hiyo imeganda ndani ya kazi kama maji yaliyokuwa barafu. Mtoto akiongozwa kuivumbua upya, kwa kujiuliza kwa nini, ndipo barafu huyeyuka.

Hapo ndipo penye kiini cha mazungumzo haya. Kusuka peke yake hakumfanyi mtoto kuwa bingwa wa hesabu. Kama ingekuwa hivyo, wasusi wote wangekuwa maprofesa. Na kitabu peke yake hakitoshi. Panapotakiwa ni mtu wa kuuliza swali katikati ya viwili hivyo.

Wazungu nao walilijua jambo hili katika mambo yao wenyewe. Friedrich Froebel, Mjerumani aliyeanzisha shule ya watoto wadogo Blankenburg mwaka 1837, aliweka kusuka vipande vya karatasi kuwa moja katika kazi zao, ili wajifunze namba na maumbo. Naye Mfaransa Jacquard, mwaka 1804, alitengeneza mtambo wa kufuma ulioongozwa na kadi zenye matundu. Penye tundu uzi huinuka, pasipo tundu uzi hukaa. Mwingereza Charles Babbage alichukua fikira hiyo ya kadi kwa mashine yake ya kuhesabu, na mwaka 1843 Bibi Ada Lovelace akaandika jinsi mashine hiyo ingeweza kufanya kazi. Kompyuta za leo zina nasaba hiyo. Uzi juu, uzi chini, ndiyo, siyo. Kile kijiti cha vitanzi cha mfumaji wa Rukwa nacho kilisema maneno hayo hayo mawili.

Yaliyobaki mikononi mwetu

Vitanda vya kufumia vimetoweka vijijini, lakini kusuka kupo. Katika Mbozi, Ileje, Momba na Songwe bado wako akina bibi na akina babu wasukao mikeka, vikapu na nyungo. Tuchukue mkeka. Msusi hupitisha chane moja, yaani ule mkato mwembamba wa jani, juu ya mbili na chini ya mbili, na kila mstari husogea hatua moja. Mstari wa kwanza, chane ya 1 na ya 2 ziko juu. Mstari wa pili, ya 2 na ya 3. Mstari wa tatu, ya 3 na ya 4. Mstari wa nne, ya 4 na ile inayofuata, ambayo ni mwanzo wa rudio jipya. Mstari wa tano warudi kama wa kwanza. Sasa mwulize mtoto: mstari wa 43 utafanana na upi? Hana haja ya kusuka mistari yote 43. Atagawanya kwa 4, apate 10, baki 3. Basi utafanana na mstari wa tatu. Kisha ausuke aone kama amesema kweli. Mtoto aliyeona baki yake ikitokea katika mkeka hataiogopa tena.

Katika chuo cha ualimu nimewaona walimu wanafunzi wakianza kazi hii kwa kucheka, wakidhani ni mchezo wa watoto. Nusu saa baadaye chumba huwa kimya, kila mmoja ameinama juu ya chane zake akihesabu. Hapo huwaambia: mkiweza kuwapa watoto wenu ukimya wa namna hii, mmefundisha.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isiwe kisiwa, bali ishikamane na maisha ya kijiji. Shule nyingi zililima bustani na kufanya kazi za mikono. Lakini mara nyingi saa ya kazi za mikono ilikaa mbali na saa ya hesabu, kama majirani wasiosalimiana. Yatupasa kuwasalimianisha. Hapahitajiki fedha. Mwalimu amwalike bibi msusi darasani, ampe kiti na heshima ya mgeni. Bibi aonyeshe, mwalimu aulize: Chane ngapi? Mstari upi utarudi? Ukitaka mkeka uwe na upana mara mbili, majani yataongezeka mara ngapi? Na ukitaka upana na urefu vyote viwe mara mbili?

Nanyi wazazi, mkimwona mtoto amekaa na bibi yake akisuka, msiseme upesi, "Acha upuuzi, kasome." Mwacheni amalize mstari, kisha mwulizeni amehesabu nini. Na wazee wenyewe, ninyi mnaojua namna za milia na mafundo ambazo vijana hawazijui, msiondoke nazo. Namna moja ya kusuka isiyofundishwa yaweza kupotea katika kizazi kimoja, na aliyeivumbua hayupo wa kuivumbua tena.

Nawaachia wanafunzi fumbo moja la kufanya nyumbani. Mfumaji ana milia ya nyuzi 3 nyekundu na nyuzi 6 nyeupe. Anataka kingo zote mbili ziwe nyekundu kamili. Amekwisha kuzungusha nyuzi 80 kwenye vigingi vyake. Je, zitafaa? Kama hazifai, atoe ngapi, au aongeze ngapi? Mkikwama, msikimbilie kitabu. Chukueni nyuzi za rangi mbili, au hata mabua mafupi na marefu, myapange chini. Mabua yatawajibu.

Kwaherini.